SEHEMU YA 6: Godoro la mtoto na albamu ya mjomba

Leo chanjo tunaziweka pembeni. Wengi mnaniandikia kuhusu vijana wenu wanaotaka muziki, basi niwasimulie ya mdogo wangu.

Alikuja kwangu Mbeya kusoma chuo. Mama yetu kule Iringa akauza mahindi, akamtumia ada. Yeye akanunua maikrofoni. Nilijua nilipoenda kuuliza salio. Asubuhi iliyofuata natoka zamu ya usiku, namkuta kaegemeza godoro la mwanangu ukutani, kajifunika blanketi, anaimba. Nilifoka mpaka mtoto akaamka analia. Nikamwambia afungashe, arudi Iringa.

Hakubisha. Alisema tu, "Dada, nilikuwa nasubiri mvua iishe."

Mnaojua mvua za Mbeya mtanielewa. Bati likianza kupigwa, hata redio husikii. Kumbe tangu Novemba alikuwa anaandika, nyimbo tisa, akingoja kiangazi arekodi.

Tunamshangilia Rayvanny wetu kama vile umaarufu aliuokota njiani. Kwetu ilitoka 2016, tuzo ya BET akapata 2017, lakini albamu yake ya kwanza, Sound from Africa, ilitoka Februari 2021. Miaka mitano, tena akiwa na lebo kubwa ya WCB nyuma yake. Mwaka huohuo akaanzisha lebo yake, Next Level Music, na 2022 akaondoka WCB kujisimamia. Mimi wangu, mwenye godoro na blanketi, nilitaka kumfukuza kwa miezi saba.

Tukampigia mama, tukakubaliana. Chuo haachi. Ada anairudisha kwa kubeba mizigo Mwanjelwa kila Jumamosi. Anarekodi nikiwa zamu ya mchana, mtoto akiwa kwa jirani. Nikitoka usiku, kimya mpaka saa nane mchana.

Agosti akaitoa mwenyewe mtandaoni. Wasikilizaji hawajajaa hata daladala mbili. Mama alipanda basi kutoka Iringa, akasikiliza yote kwenye simu yangu. Wimbo wa nne mwishoni kuna mtoto analia. Mama akauliza, "Huyu si mjukuu wangu?"

Ndiye. Ni asubuhi ile niliyofoka. Sauti yangu aliikata, ya mpwa wake akaiacha.

Ada bado laki mbili. Nyie kwenu mmekubaliana nini na vijana wenu? Niandikieni. Kesho kutwa tunarudi kwenye homa za watoto.