Mkono Uliofichwa

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa salamu ni kitu chepesi kwa sababu hainunuliwi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka salamu moja iliponikosanisha na rafiki yangu.

Nilizaliwa Kakamega, katika nchi ya Waluhya. Kwetu watu wakikutana hupeana mikono, wakaishika barabara na kuitikisa, huku wakiulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua. Asiyetoa mkono hudhaniwa kuwa ana kinyongo. Nami nilishuka pwani kusomea ualimu nikiwa na desturi hiyo.

Chuoni nilipata rafiki, kijana wa Kiswahili wa Mji wa Kale, Mombasa. Jumamosi moja alinichukua kwao. Alipoingia alimwambia mama yake, "Shikamoo, mama," akaubusu mkono wake. Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikaona zamu yangu imefika, nikaunyosha mkono wangu. Mama aliuficha wake ndani ya leso, akanikaribisha kwa tabasamu. Tabasamu sikuliona, niliona mkono uliofichwa tu.

Tangu siku ile nilimwepuka rafiki yangu. Mama yake alipompa mahamri aniletee, niliyarudisha bila ya kuyaonja. Siku ya kumi rafiki yangu alinikabili, akaniuliza kosa lake. Nikamjibu, "Mama yako alinidharau. Mkono wako aliupokea, wangu akaukataa."

Hakukasirika. Alisema, "Wewe uliniambia kuwa kwenu mwanamume hampi mkono mama mkwe wake. Je, humdharau?"

"Hasha!" nikasema. "Hiyo ni heshima kubwa."

"Basi na mama yangu alikuheshimu. Mimi ni mwanawe. Dini yetu hutufundisha kuwa mwanamke asigusane na mwanamume asiyekuwa mume wala jamaa yake wa karibu."

Nilishikwa na haya. Jambo lile lile nililoliita heshima nyumbani kwetu, nililiita dharau nyumbani kwa mwenzangu. Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mama yule. Niliweka mkono kifuani, nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Kwani mahamri yangu hayakuwa na sukari?" Sikuwa na jibu ila kumwomba radhi, na kuyala mahamri aliyoniandalia.

Nilipohitimu nilipelekwa kufundisha Kajiado. Siku ya kwanza nilimpa mkono mtoto mmoja wa Kimasai, naye badala ya kuushika aliniinamishia kichwa. Safari hii sikuona uchungu. Nilimwuliza mwalimu mwenzangu. Akanieleza kuwa kwa Wamasai mtoto humwinamishia mkubwa kichwa, na mkubwa humgusa utosini kwa kiganja. Nikafanya hivyo, na mtoto akaenda zake akifurahi.

Nawe, msomaji, masomo au kazi itakutoa kwenu siku moja, uishi na watu ambao maamkizi yao si yenu. Mkono wako ukirudi mtupu, usifanye haraka kununa. Uliza kwanza, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi kwa kutouliza nilipoteza siku kumi za urafiki, na kidogo nipoteze urafiki wenyewe.