Mfunza Farasi wa Barabara ya Ngong

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Ngong, akiisha kupita Dagoretti Corner, hufika penye kiwanja kikubwa cha majani kinachopakana na msitu. Hapo ndipo mashindano ya farasi yalipohamishiwa mwaka 1954, kutoka kiwanja cha zamani upande wa mashariki wa mji. Watu wengi hukijua kwa siku ya mashindano, penye kelele na fedha mkononi. Lakini atakaye kuijua kazi yenyewe hana budi kufika alfajiri ya siku ya kawaida, umande ungali juu ya majani.

Saa hiyo mfunza farasi amekwisha amka. Hupita zizi kwa zizi, na kwanza hutazama chombo cha chakula, kwa maana farasi aliyebakiza chakula ana neno la kusema. Kisha huinama akapapasa miguu. Chini ya goti mguu wa farasi hauna nyama. Ni mifupa na kano tu, nazo hubeba mwili wa kilo 450 au zaidi ukienda mbio. Mahali palipo na joto kuliko jana ni onyo. Mfunza asiyelitambua joto hilo leo, kesho atakuwa na kilema.

Baada ya hayo farasi hutandikwa, nao hutoka kwa safu. Mmoja hutembezwa tu, mwingine hukimbizwa polepole, wa tatu huachiwa mbio kwa mwendo mfupi. Hapana farasi wawili wapewao kazi sawasawa. Wakirudi huogeshwa na kutembezwa mpaka wapoe, ndipo walishwe. Chakula nacho kina sheria yake: tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, tena hawezi kutapika, kwa hiyo hulishwa kidogo kidogo mara nyingi, kwani msokoto wa tumbo waweza kumwua kwa siku moja.

Jua likishuka iko hofu nyingine. Katika Afrika uko ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma hasa tangu magharibi mpaka alfajiri. Punda milia huweza kuwa nao bila kuonekana wagonjwa, lakini farasi wengi wakiupata hufa. Kwa sababu hiyo farasi huchanjwa, na hutiwa ndani kabla ya giza.

Je, mtu hufikaje katika kazi hii? Wengi huanzia chini, kwa usaisi: kuondoa samadi, kupiga brashi, kusafisha kwato. Saisi mwenye mkono mwepesi huweza kupewa farasi wa mazoezi apande. Akiaminika huwa mkuu wa masaisi, kisha msaidizi wa mfunza, mwisho huomba leseni. Katika siku za ukoloni njia hiyo ilikuwa na mlango uliofungwa: waliolala karibu na farasi walikuwa Waafrika, na waliotajwa kuwa wafunza walikuwa Wazungu. Baada ya uhuru wa 1963 mlango ulifunguka, na Waafrika wakapata leseni.

Hata hivyo leseni si mali. Farasi ni wa mwenyewe, naye mwenyewe huweza kumwondoa siku yoyote apendayo. Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kupata leseni akiwa na umri wa miaka kama 18, alilionja jambo hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alieleza jinsi farasi aliyemfunza, jina lake Wrack, alivyoondolewa zizini mwake zikisalia wiki 12 kabla ya shindano la St Leger la mwaka 1926. Akapewa badala yake farasi jike, Wise Child, ambaye kano za miguu yake zilikuwa dhaifu. Bibi Markham na arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa saisi wake, walimtunza jike yule kwa uangalifu mkubwa, bila kumlazimisha mbio kupita nguvu zake. Siku ya shindano Wise Child alimshinda Wrack.

Ushindi ule uliandikwa kwa jina la mfunza, lakini miguu ile ilitunzwa na mikono ya watu wawili. Mkulima mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa atalielewa jambo hili upesi kuliko mtazamaji wa Jumapili. Mnyama hasemi, humwambia habari zake yule tu amtazamaye kila asubuhi, siku yenye zawadi na siku isiyo na zawadi.