Laki tatu nilizokwenda nazo Mpanda

Treni inapoiacha reli ya Kigoma pale Kaliua na kukata kusini kuelekea Mpanda, abiria wazoefu hujifunika na kulala. Mimi sikulala. Nilikuwa na laki tatu kwenye mfuko wa ndani wa koti, na ahadi niliyoitoa kwa simu mwezi Mei: kijana wangu akimaliza kidato cha sita salama, nitamnunulia kadi ya grafiki ya kompyuta yake.

Kwa mzazi asiyeijua, kadi hiyo ni ubao mdogo wenye feni unaochomekwa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuchora kile tunachokiona kwenye kioo. Kompyuta nyingi za ofisini hazina. Zinategemea sehemu ndogo ya kuchorea iliyomo ndani ya prosesa. Kariakoo nilionyeshwa moja iliyotumika, ndefu, ina feni mbili. Laki tatu, haipungui. Nikamwambia muuzaji nitarudi. Moyoni niliamini inatakiwa kwa ajili ya michezo ya mpira na bunduki.

Kijana anaishi kwa mjomba wake, Nsemulwa. Tulimpeleka huko baada ya mitihani ili asiegeshe miguu mjini Dar akisubiri majibu ya chuo, na ili amsaidie shemeji dukani. Kompyuta ilitangulia kwa basi, imefungwa kwenye godoro.

Kumekucha tukiwa tumeshavuka Mto Ugalla, miombo pande zote, majani makavu, moshi wa mbali. Tawi hili la reli, kama kilometa 210 kutoka Kaliua, lilijengwa na Waingereza karibu na mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi ulifungwa zamani. Reli ikabaki, na siku ile ilikuwa imebeba magunia, madumu, wanafunzi, kuku wawili na mimi.

Mpanda ni mji unaojengwa. Sikuutarajia hivyo. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kila mtaa niliopita ulikuwa na matofali ya kuchoma yaliyopangwa kando ya msingi, mchanga barabarani, na mtu aliyesimama na futi mkononi akibishana na fundi. Shemeji naye alikuwa anajenga. Tulipomaliza salamu na chai, alinitolea karatasi ya ramani ya nyumba yake, vyumba vitatu na baraza.

"Nani kachora?" nikauliza.

"Si mwanao."

Ndipo nilipoambiwa kwamba alikwisha kuchora tatu, za majirani, kwa malipo ya kumshukuru tu. Michezo ya bunduki sikuiona. Niliona kijana amekaa mbele ya kioo, anageuza nyumba ya mjomba wake ili aone paa kwa nyuma, na kompyuta inaganda. Anasubiri. Inageuka kidogo. Inaganda tena. Nilihesabu hadi arobaini nikaacha.

"Ndiyo maana nataka kadi, Baba."

Kesho yake tuliibeba kompyuta kwa bodaboda, yeye kaipakata, mimi nyuma kwa bodaboda nyingine, hadi kwa fundi mmoja jirani na soko kuu. Kijana mdogo tu, umri wa miaka ishirini na kitu. Hakuifungua kwanza. Aliiwasha, akamwambia mwanangu afungue nyumba ile ile, halafu akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likatokea dirisha la kuonyesha mzigo wa kila sehemu. Prosesa ilikuwa asilimia thelathini. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, asilimia tisini na kitu. Diski mia.

"Mzee," akaniambia, "huyu amebeba gunia kichwani, ninyi mnataka kumnunulia viatu."

RAM ilikuwa GB 4. Ikijaa, kompyuta huhamishia kazi kwenye diski, na diski yenyewe ilikuwa ile ya zamani inayozunguka. Ndiyo iliyokuwa inatugandisha. Kisha akaifungua. Ni Dell ya ofisi, ile nyembamba, prosesa yake ya Intel ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, rika moja na mkoa. Akatuonyesha kibandiko cha pawasaplai: wati 240. Nafasi ya kuchomekea kadi hutoa hadi wati 75. Kadi inayohitaji waya wa ziada wa umeme haina pa kuupata humo. Na kava ni jembamba, linapokea kadi fupi tu. Ile niliyoonyeshwa Kariakoo isingeingia. Ningeibeba siku mbili kwenye treni ikakae kabatini kwa shemeji.

Mwanangu alikuwa kimya muda wote. Halafu akasema, na hapa nilimwona kakua, kwamba fundi anasema kweli lakini si kweli yote. Blender, programu ya bure ya kutengenezea picha za nyumba zinazofanana na halisi, kuanzia toleo la 4.0 haifunguki kabisa kwenye prosesa ile bila kadi. Fundi akakubali. Akasema toleo la 3.6 linafunguka, ila picha zitatoka polepole mno.

Hatukuamua siku hiyo. Shemeji alinishauri nimpe alichoahidiwa, maana mtoto hukumbuka ahadi kuliko bei. Mke wangu kwa simu alisema laki tatu ni nusu ya laptopu iliyotumika, na chuo kinakuja. Wote wawili walikuwa na hoja, na mimi ndiye niliyekuwa na mdomo mwepesi mwezi Mei.

Jumapili tukapanda gari dogo hadi Sitalike, kama kilometa 35 kusini, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kiangazi kikiisha, Mto Katuma hunywea, na viboko hujazana kwenye madimbwi yaliyobaki, mgongo kwa mgongo, wakisukumana kwenye tope. Usipange kushuka karibu na maji na watoto. Pale juu panatosha, sauti na harufu vitakufikia. Tulisimama tukitazama dume moja likijitafutia nafasi kwa kelele nyingi.

Nikatoa zile pesa nikampa. Nikamwambia ahadi yangu ni laki tatu, ya kadi au ya chochote atakachoona kinamfaa kazini, na sitauliza. Alizihesabu. Akauliza kama akibakisha, masalio ni yake au yangu. Yako, nikasema, nikijua mama yake hatapenda.

Jumatatu alinunua RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Na stabilaiza, kwa sababu mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli mbali na gridi ya Taifa, na shemeji mpaka leo akiona taa imecheza hukimbilia swichi ya friji. Zikabaki laki moja na elfu ishirini. Nyumba ya mjomba sasa inageuka bila kuganda.

Kuna jambo nililolisoma baadaye, ambalo fundi hakulisema: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane. Mashine ile imebakiza muda mfupi kwa kazi ya intaneti, na kadi yoyote isingeubadilisha. Ila RAM ile haitaingia kwenye laptopu ijayo. SSD itaingia kwenye nyingi, tena akitaka.

Nilirudi Dar na dumu la asali ya Inyonga. Wiki ya tatu ikaingia picha kwenye simu: nyumba ya shemeji, paa jekundu, kivuli cha mwembe kimelala barazani kama saa kumi jioni. Sikuamini kwamba baraza lile bado halijajengwa. Nikampigia.

"Imechukua saa tisa kutoka, Baba. Niliiacha usiku kucha."

Nikamwambia ni nzuri sana.

"Kadi bado naitaka," akasema.