"Kaa Kwenye Kamba, Mchungaji!"



Tulipotangaza safari ya vijana kwenda Hell's Gate, wengine mlicheka: "Mchungaji anawapeleka watoto wetu Lango la Jehanamu?" Tulitoka Ukunda wakati wa mvua za vuli, tukavuka feri ya Likoni, na kesho yake tukawa Naivasha.

Ndani ya mbuga ile kuna mwamba uliosimama wima kama mnara, Fischer's Tower, urefu wake takriban mita 25. Watu huupanda kwa kamba. Vijana walipomaliza wakaanza: "Mchungaji! Mchungaji!" Ningekataaje?

Nilivalishwa kofia ngumu na mkanda kiunoni, nikafungwa kamba. Katikati nguvu zikaniishia. Miguu ikatetemeka kama ukuti. Kijana aliyeshika kamba chini akaniita, "Mchungaji, achia! Kaa kwenye kamba!" Nikazidi kung'ang'ania jiwe. Mimi ninayewahubiria mtegemee, sikuweza kuachia. Mwishowe vidole vyenyewe vikashindwa. Nikaporomoka kidogo tu, kamba ikakaza, nikaning'inia mzima. Pale pale nikalia.

Nikwambie kwa nini. Tangu mwezi wa sita nilikuwa silali. Deni la kiwanja cha kanisa mnalijua. Hamkujua kwamba saa nane za usiku niko jikoni napiga hesabu, wala kwamba daktari amenipa dawa za presha. Nilimficha hata mama mchungaji. Nilidhani kazi yangu ni kuwashika wengine, si kushikwa.

Soma Kutoka 17:12. Musa, mtumishi mkubwa vile, mikono yake ilichoka, na hakujifanya. Aliketi juu ya jiwe, Haruni na Huri wakamshika huku na huku, na kule chini Yoshua akashinda vita.

Kileleni sikufika. Lakini usiku ule nilimpigia mke wangu simu nikamwambia yote, na Jumapili nikawaambia wazee. Walinikemea kidogo, kisha wakagawana mzigo ule. Deni bado lipo. Usingizi umerudi.

Mpendwa, unang'ang'ania nini peke yako? Karo? Ugonjwa? Ndoa? Kabla jua halijatua leo, mwambie ukweli mtu mmoja unayemwamini. Na wewe ukiitwa hivyo, shika kamba, usiende kuisimulia sokoni.

Ubarikiwe. Amina.