Springi, Si Vibao

Mwandishi wa kumbukumbu hizi amefunga gereji yake ya Luzira, kando ya barabara inayotoka Kitintale kuteremkia Port Bell. Magoti yake hayakubali tena kulala chini ya gari, lakini uzee peke yake usingemwondoa kazini. Kilichomwondoa ni vijana wanaokuja na Prado iliyotoka bondi juzi, wakitaka iinuliwe inchi nne kabla haijabadilishwa hata oili, na mafundi walio tayari kuwainulia jioni hiyohiyo.

Utoto wake hauna mengi ya kusimulia. Baba yake alikuwa askari magereza Luzira, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili cha askari, na Kiganda alikiokota sokoni. Watoto wa nyumba za askari walishuka kilima kwenda gatini kutazama meli zikipakiwa mizigo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, gereji nyingi za Kampala zilibaki bila wenyewe na bila spea. Mwaka 1979 Amin naye akaondoka, na mwandishi, sasa kijana, akaingia gereji kufua nguo za mafundi na kuosha difu kwa mafuta ya taa.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee aliyetoka katika karakana za reli Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, alirudi Uganda na sanduku la spana, futi ya chuma na tabia ya kutoamini macho. Mteja akisema, "Mzee, gari limelala nyuma," alijibu, "Limelala kiasi gani?" Kisha akapima.

Upimaji huo ndio urithi ambao mwandishi anautetea mpaka leo. Gari lilisimamishwa kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, upepo wa matairi ukiwa sawa. Mzee alipima toka katikati ya habu mpaka ukingo wa bodi juu ya gurudumu, pembe zote nne, akaandika kwenye daftari. Halafu alidai gari lipakiwe kama litakavyosafiri: matangi yajae, madumu yafungwe, abiria wapande. Akapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyomwambia springi ipi ifungwe. Gari la daktari anayesafiri peke yake halikupewa springi za gari linalobeba magunia, kwa sababu springi ngumu isiyo na mzigo huruka kwenye mashimo, tairi likaacha ardhi, na breki zikakosa pa kushika.

Springi za bapa zilizochoka hakuzipiga nyundo zikiwa baridi, kama wengi walivyofanya na wanavyofanya. Alizitia motoni bapa moja moja, akazikunja kwa kiolezo, akazizimisha kwenye oili, kisha akazirudisha kwenye moto mdogo ili chuma kisiwe na wepesi wa kukatika. Ilikuwa kazi ya siku nzima. Springi iliyopondwa baridi hupendeza siku ya kulipwa, na baada ya muda hurudi ilikokuwa.

Ugomvi ulianza miaka ya 1990. Vita vya kaskazini vilikuwa vinaendelea, na Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada zilikwenda Gulu na Kitgum zikiwa zimejaa, zikarudi Kampala zimelala. Nyingi zilikuwa na injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6, bila turbo na bila kompyuta. Injini zilivumilia. Springi hazikuvumilia. Fundi mmoja aliyekaa benchi moja na mwandishi, chini ya mzee huyohuyo, aliona njia ya haraka: vibao vya chuma, vilivyokatwa na kuchomelewa, kati ya springi na ekseli, mbele na nyuma. Nusu siku gari limesimama juu, na mteja amefurahi.

Mzee alivikataa vibao vya mbele, na sababu zake zilikuwa za kikazi. Nyuma, alikiri, viko viwanda vinavyofunga kibao vyenyewe. Mbele ni habari nyingine. Ukikanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele na ekseli ya mbele hutaka kujizungusha. Kibao huiongezea nguvu hiyo mkono wa wenzo, kikaipinda springi na kuzivuta yubolti, ambazo tayari zimekuwa ndefu kuliko zilivyokusudiwa. Tena fimbo ya usukani hukaa mshazari, kwa hiyo kila shimo linaugeuza usukani kidogo bila dereva kutaka.

Gari moja lililofungwa vibao hivyo lilirudi kutoka kaskazini likivutwa. Kibao cha mbele kilikuwa kimeteleza na ekseli imerudi nyuma upande mmoja. Hakuna aliyekufa. Fundi aliyevifunga alisema, na bado anasema, kwamba dereva hakukaza tena yubolti baada ya safari ya kwanza kama alivyoagizwa. Mwandishi amelisikia jibu hilo mara nyingi na halikubali. Kila yubolti inahitaji kukazwa tena, hilo ni kweli. Lakini kazi ambayo usalama wake unategemea dereva aliyechoka kukumbuka spana haikupaswa kutoka gereji. Mwenzake alijenga ghorofa. Mzee alifia kwenye chumba cha kupanga, na katika daftari lake hakuna gari la kibao cha mbele hata moja.

Siku hizi vibao vimebadilika umbo tu. Kwenye Prado huwekwa juu ya koili za mbele, na ekseli ndogo za magurudumu hukaa kwa pembe kali mpaka mipira ya sivii jointi ikapasuka na mchanga ukaingia. Na vijana waelewe jambo ambalo wauzaji hawawaambii: kuinua springi hakuinui difu ya nyuma. Bodi itapanda sentimita 10, lakini difu hiyo itabaki palepale, na jiwe lililoigonga jana litaigonga kesho. Kinachoinua difu ni tairi. Ukitoka 265/75R16 kwenda 285/75R16, kipenyo huongezeka kwa milimita 30 na difu hupanda milimita 15. Hapo spidomita inaposoma 100, gari linakwenda karibu 104, huku breki zikiwa zilezile. Kwenye tope jeusi la Karamoja mwandishi angechukua 7.50R16 nyembamba, inayokata tope kutafuta ardhi ngumu na yenye tyubu inayozibwa kando ya njia.

Pesa ianze kwenye redieta, breki na springi za kipimo, kisha matairi. Kabla ya kununua snokeli, refusha mipira ya kupumulia ya difu na giaboksi, kwa bei ndogo kabisa. Difu iliyochemka ikizama ghafla kwenye mto baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji. Ukifungua utakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Turbo kwenye 1HZ bila kipimo cha joto la ekzosi ni kuomba pistoni zipasuke.

Na chasisi itangulie yote. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa. Chasisi iliyoliwa na kutu ni gari lililokwisha. Gari lililoishi Hokkaido, ambako barabara za theluji humwagwa chumvi, likaguliwe kwa nyundo, hasa nyuma pale springi zinaposhikizwa. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la zamani ni sababu ya kugonga kwa nguvu zaidi.

Tangu sheria ya mwaka 2018, magari yenye miaka 15 na zaidi hayaruhusiwi kuingizwa Uganda. Maana yake, Land Cruiser 80, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, haitakuja tena. Uzalishaji wake wa Japani ulikoma miaka ya 1990. Zilizopo nchini ndizo hizo. Kila inayokatwa chasisi ili ipambwe, au kuinuliwa mpaka ikapinduka, haina mbadala melini.

Mwenye gari la aina hiyo asikubali kibao mbele, na kama kimeshafungwa, kitolewe. Daftari la mzee lipo Luzira, na kijana yeyote anayetaka kunakili vipimo atakaribishwa, bure, mradi aje na futi yake.