Kwa Mwanangu Uliyeanza Kuandika Riwaya

Bagamoyo

Mwanangu mpendwa,

Mswada wako umenifikia na nimeusoma wote. Baba yako ameniambia kwamba unafikiria kuliacha jukwaa ili uandike tu. Kabla hujaamua, nisikilize. Nimeigiza na kuongoza michezo tangu wewe hujazaliwa, na riwaya yangu ya kwanza ilitoka nikiwa tayari ninaitwa bibi. Ninayokuandikia nimeyapitia.

Mazungumzo yako ni mazuri mno. Watu wako wanasema kama wasemavyo watu wa soko la samaki, kila mmoja kwa ulimi wake, na sikio hilo umepewa na jukwaa. Sasa fungua sura ya nne, pale mama muuza samaki anapoambiwa kuwa mumewe ameiuza nyumba. Umeandika kwamba mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha maneno yakaendelea. Katika tamthilia hayo yangetosha, kwa sababu ni maelekezo ya jukwaani. Mwigizaji angeyapokea, angeshika pindo la kanga, angegeuza uso, taa zingefifishwa, na ukumbi mzima ungejua kwamba nyumba imekwenda. Kitabuni hakuna wa kukupokea. Msomaji yuko kitandani au ndani ya daladala, na alichonacho ni maneno yako tu. Basi mwache mama aendelee kupara changu wake. Mteja ampe noti ya elfu kumi, yeye arudishe chenji ya elfu tano. Mteja alalamike, naye asimsikie. Hapo atakuwa amenyamaza kweli.

Mimi jambo hilo lilinitesa kuliko mengine yote. Mchezo ni kazi ya wengi: yuko mshona maleba, yuko mpiga ngoma, yuko mtu wa taa, na mwongozaji anayekukatiza palipolegea. Hadhira nayo haifichi. Ikichoka, utaisikia ikizungumza mambo yake. Riwaya inakutaka uzifanye kazi hizo zote mwenyewe, miezi na miezi, bila mtu wa kucheka wala kuguna. Kuna siku utaandika vizuri na bado utaona umeandika ovyo, kwa sababu tu chumba kiko kimya. Usiuamini ukimya huo. Lala, uusome ukurasa kesho yake.

Sura ya pili ina kasoro ya upande wa pili. Umegundua kwamba riwaya inakuruhusu kuingia kichwani mwa mtu, ukaingia na usitoke. Mwanamke anawaza kurasa nzima hata nikasahau yuko wapi. Punguza.

Juu ya kuliacha jukwaa, ninakusihi usifanye hivyo. Mkumbuke Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kadhaa kwa Kiingereza alipokwenda kufanya kazi ya maigizo na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mchezo wao wa Ngaahika Ndeenda, aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulipandishwa mwaka 1977, na wanakijiji walimsahihisha lugha yao wenyewe wakati wa mazoezi. Serikali ikaupiga marufuku, na mwisho wa mwaka ule akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Huko gerezani Kamiti, juu ya karatasi za chooni, ndiko alikoandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikikuyu, ambayo sisi tuliisoma kwa jina la Shetani Msalabani. Ilipotoka mwaka 1980, watu waliisoma kwa sauti majumbani, kwenye mabasi na ndani ya baa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Mimi ninaamini kabisa kwamba wanakijiji wale wa mazoezini ndio walioifikisha riwaya ile hapo.

Hapa kwetu njia hiyo pia ina nyayo. Emmanuel Mbogo alikuwa mtu wa tamthilia kabla ya kutupa riwaya ya Watoto wa Mama N'tilie, na Kezilahabi, tuliyemjua kwa riwaya, aliandika tamthilia ya Kaptula la Marx. Hakuna aliyeambiwa achague.

Kwa hiyo rudi kwenye kikundi chako. Baada ya mazoezi waombe wenzako wabaki, uwagawie sura moja waisome kwa sauti. Wewe kaa pembeni na kalamu, usiwaeleze chochote. Wanapojikwaa, weka alama. Wanapoacha kusoma na kuanza kuigiza, weka alama pia, maana hapo umeandika tamthilia.

Ukimaliza, usikimbilie kuchapisha kwa fedha zako. Wachapishaji wetu hutegemea sana vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya ya mtu asiyejulikana huweza kusubiri mezani muda mrefu. Jiandae kwa hilo bila kinyongo. Zipo tuzo zinazopokea miswada: ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ikaja kuitwa Safal-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Peleka kazi yako huko.

Mchapishaji akikukubali, mkataba usome wote, si ukurasa wa mrabaha peke yake. Tafuta kifungu kinachotaja haki za maigizo na filamu. Waandishi wengine hukipita kwa haraka, lakini wewe ni mtu wa jukwaa, na ipo siku utataka kumwona mama yule amesimama mbele ya watu. Ukiwa umeziachia haki hizo, itakubidi uombe ruhusa ya kuigiza kitabu ulichokiandika mwenyewe. Omba zibaki kwako, na jibu walitie kwenye maandishi. Usitie sahihi kabla hujanipigia simu, hata kama ni usiku.

Msalimie mama yako.

Shangazi yako akupendaye