Nilinunua rimu kabla ya injekta, na Mathe alikuwa kiti cha nyuma

Wasee, leo hakuna video ya gari ikinguruma. Leo naandika, kwa sababu hii stori nimeikalia miezi minane, na kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Buda, niweke injekta saizi gani kwa turbo yangu?" Huwa najibu kwa namba tu. Sijawahi kusema hiyo namba ilinifunza nini.

Gari yangu ni Forester ya turbo, injini ya EJ20. Niliinunua kwa doo za kazi ya kamera, na zilipopungua Mathe akakopa kwa chama chake akanijazia. Mwaka wa kwanza nilikuwa mpole. Mwaka wa pili nikaweka ekzosti kubwa, nikapandisha busti hadi baa 1, kisha nikampelekea fundi wa kompyuta aipange upya. Gari ikatoka na nguvu za farasi kama 245 hivi. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani.

Fundi mwenyewe hakucheka. Kabla niondoke alinigeuzia skrini akasema, "Kijana, injekta zako zinafunguka asilimia 92. Zimefika mwisho. Usiongeze kitu kingine, na utafute kubwa." Nilikuwa na elfu 70. Injekta na kupangwa upya zingekula elfu 55. Nikamjibu, "Sawa fundi, mwezi ujao." Wiki hiyo hiyo nikanunua rimu. Rimu zinaonekana kwa picha, si ndio? Nani amewahi kulaiki injekta?

Sasa, asilimia 92 ni nini? Injekta ni kamlango ka umeme kanakofunguka na kufunga, kunyunyizia silinda petroli. Injini ikizunguka mara 6,500 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 18.5 hivi za kumaliza mzunguko wake wote kabla ya kuanza tena. Asilimia 92 ya hiyo ni milisekunde 17. Inabaki moja na nusu tu, na injekta inahitaji karibu milisekunde moja ili kufunguka vizuri. Kwa hivyo mafundi wengi husimama kwa asilimia 80 au 85. Hiyo inayobaki ni nafasi ya kupumua.

Na kuna kitu kingine ambacho sisi wa Nairobi tunasahau: tunaishi juu. Hapa hewa inasukuma kama baa 0.82. Mombasa, usawa wa bahari, ni 1.01. Geji ya busti inahesabu kuanzia hewa ya pale ulipo. Kwa hivyo baa 1 ya Nairobi ni 1.82 jumla, na baa 1 ya Mombasa ni 2.01. Geji inasoma ile ile, lakini injini inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia 10. Joto la Pwani linapunguza kidogo, lakini si yote. Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke. Itoke wapi kama mlango tayari uko wazi karibu muda wote?

Disemba tukashuka Mombasa kumwona dada yake Mathe. Mathe nyuma, binamu yangu mbele akichagua nyimbo. Mtito Andei, fiti. Voi, fiti. Gari ilikuwa inavuta kuliko Nairobi na mimi nikadhani ni zile rimu nyepesi, manze. Tulipopita Mariakani nikatokea nyuma ya lori refu. Nikaona nafasi, nikatoka, nikakanyaga yote.

Tulikuwa katikati ya lori niliposikia mlio kama sarafu ndani ya mkebe. Kisha nguvu zikaisha. Si kupungua, kuisha. Mbele kulikuwa na basi likiwasha taa. Siwezi kurudi nyuma, siwezi kupita. Dereva wa lori ndiye alituokoa: alikanyaga breki, akaniachia nafasi, nikajisukuma ndani, basi likapita na honi yake yote. Sijui jina lake na sitalijua. Ashukuriwe popote alipo.

Nikasimama kando. Moshi wa buluu nyuma. Mathe hakupiga kelele. Alikuwa bado ameshika kiti changu kwa mikono miwili. Akaniuliza neno moja: "Ulijua?"

Nikasema, "Hapana, Mama."

Injini ilipofunguliwa, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imevunjika ukingo, pale ringi zinapokaa. Kompyuta iliona hewa nyingi, ikaomba petroli zaidi, injekta hazikuwa nayo. Mchanganyiko ukakosa petroli, moto ukawa mkali kupita kiasi, petroli ikaanza kulipuka kabla ya wakati wake. Pistoni haivumilii hiyo. Injini nyingine ya mitumba na kazi yake: laki mbili na kitu. Na deni la chama halikuwa limeisha.

Hesabu ambayo ningefanya kwa kalamu, bure kabisa, ni hii. Injini ya turbo, weka sentimita 6.3 za ujazo wa petroli kwa dakika kwa kila farasi. Wenyewe huiita sisi. Farasi 245 mara 6.3 ni karibu 1,544. Gawa kwa injekta nne, 386. Gawa kwa 0.8 ili zisipite asilimia 80, unapata 482. Ongeza asilimia 10 ya Pwani, uko 530. Kwa hivyo nilihitaji sisi 550. Zangu zilikuwa 420. Si siri ya mabingwa, ni hesabu ya shule ya msingi.

Usikimbie pia kununua za sisi 1,000 kwa sababu jamaa fulani anazo. Injekta kubwa sana ikiwa gari imesimama taa nyekundu inabidi ifunguke kwa muda mfupi mno, na kompyuta isipopewa vipimo vyake sahihi, gari itatetemeka, itanusa petroli na kuchafua plagi. Uliza pia zilipimwa kwa presha gani, kwa maana namba nyingi ni za baa 3. Uliza ukinzani wa umeme wake, za om 12 hivi au za om 2 au 3, kwa sababu ukikosea hapo unaweza kuchoma kompyuta. Na pampu: hizo 1,544 ni kama lita 93 kwa saa. Pampu nzee haiwezi, hata uweke injekta gani. Ukibadilisha, gari irudi kwa fundi wa kompyuta kabla ya kukanyagwa. Hiyo si hiari.

Mimi siwaambii msiongeze nguvu. Napenda hii kitu kuliko wengi wenu. Lakini tumezoea kununua kinachoonekana kwanza, halafu kile kinachotuweka hai tunakiita mwezi ujao. Fundi akikuonyesha namba, ujue hakuuzii kitu. Anakuonya.

Wiki iliyopita nilimalizia deni la chama. Nikakaa na Mathe jikoni nikamwambia ukweli, kwamba nilijua, na kwamba pesa zilienda kwa rimu. Aliendelea kuchambua sukuma kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hizo rimu ziko wapi?"

"Niliziuza, Mama. Ndizo zilinunua injekta."

"Sawa," akasema. "Lakini Mombasa mimi naenda na treni."